Kazi ya Kutafuta Katika Chuo Kikuu

Msomaji kijana, huenda siku moja utapita mbele ya chuo kikuu, ukayatazama majengo yake, ukadhani kwamba humo elimu imekwisha kamilika. Imewekwa kama nafaka ghalani, na kazi ya mwalimu ni kuipima na kuigawa tu. Dhana hiyo ni nusu ya kweli. Nusu ya pili ni kwamba chuo kikuu ni mahali pa watu wanaokiri kuwa kuna jambo wasilolijua, kisha wakaondoka kwenda kulitafuta. Kila idara hutafuta kwa njia yake. Nitakuonyesha njia nne, zote kutoka katika historia ya chuo kimoja kilichokuwa chetu sote.

Chuo hicho ni Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki. Kilizaliwa mwaka 1963, kikaunganisha vyuo vitatu: Makerere mjini Kampala, kilichoanza mwaka 1922 kuwa shule ya ufundi, chuo cha Nairobi, kilichofungua milango mwaka 1956, na chuo cha Dar es Salaam, kilichoanza mwaka 1961 na wanafunzi wachache wa sheria. Umri wake haukuwa mrefu. Mwaka 1970 kiligawanyika, kila nchi ikawa na chuo kikuu chake. Hata hivyo, maswali yaliyoulizwa katika vyuo hivyo, kabla ya muungano na wakati wake, hayakufa.

Tuanze na idara ya tiba. Mwaka 1957, daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala, alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe katika taya zote mbili, kulia na kushoto. Muda si mrefu akamwona mtoto mwingine wa namna hiyo huko Jinja. Angaliweza kuwatibu kadiri ya uwezo wake, akanyamaza. Yeye alijiuliza: ugonjwa huu umeenea wapi, na kwa nini huko? Mwaka 1958 aliandika habari zake. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walipanda motokaa, wakasafiri maili zipatazo 10,000, wakiuliza hospitali baada ya hospitali kutoka Uganda mpaka kusini mwa Afrika. Walirudi na jibu: ugonjwa ulikuwa haba katika nchi za juu zenye baridi, na mwingi katika nchi za joto na mvua. Mwaka 1964 wachunguzi wa London, waliopelekewa vipande vya uvimbe kutoka Uganda, waliona virusi ndani yake. Hivyo vilikuwa virusi vya kwanza kupatikana katika saratani ya binadamu. Leo watoto wengi wenye ugonjwa huo hupona kwa dawa wakiwahi kutibiwa.

Idara ya historia haina hadubini. Chombo chake kikubwa ni sikio. Habari nyingi za vita vya Maji Maji, vilivyopiganwa kusini mwa Tanganyika toka mwaka 1905 hata 1907, ziliandikwa na Wajerumani walioshinda. Je, walioshindwa walisema nini? Mwaka 1968 wanafunzi wa Dar es Salaam walikwenda vijijini wakati wa likizo, wakaketi chini ya wazee na kuyaandika masimulizi yao. Mwaka uliotangulia, Bethwell Ogot wa Kenya alikuwa amechapisha historia ya Wajaluo wa kusini, aliyoijenga juu ya masimulizi ya wazee, katika zama ambazo wataalamu wengi wa Ulaya walishikilia kwamba watu wasioandika hawana historia. Wazee wale hawapo tena. Lau wangaliulizwa miaka ishirini baadaye, wangapi wangalikuwa hai kujibu?

Idara ya lugha nayo ilishindana na wakati. Mwaka 1964 kamati ya Kiswahili iliyoundwa mwaka 1930 iligeuzwa kuwa taasisi ya uchunguzi katika chuo cha Dar es Salaam. Katika miaka hiyo J. W. T. Allen alizunguka pwani ya Kenya na Tanzania, akitafuta tenzi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu na kuhifadhiwa majumbani, ili ziwekwe katika maktaba ya chuo kabla hazijaliwa na mchwa. Kazi ya maneno haina haraka: kamusi kubwa ya taasisi hiyo, Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ilitoka mwaka 1981.

Nimeiweka fizikia mwisho kwa sababu inakuhusu wewe. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Tanganyika, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Akichelea kukosa nafasi katika jokofu, aliyatia maziwa yake yangali moto. Yakaganda kabla ya yale yaliyokwisha poa. Mwalimu alimwambia kwamba amekosea. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alipata mgeni, Dr. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia katika chuo cha Dar es Salaam. Akasimama akauliza: kwa nini maji ya digrii 100 huganda mapema kuliko maji ya digrii 35? Wenzake wakacheka. Osborne hakucheka. Aliporudi chuoni aliagiza jambo hilo lijaribiwe, na maji ya moto yakatangulia kuganda. Mwaka 1969 mwanafunzi na mtaalamu walichapisha makala pamoja. Hata leo wanasayansi wanabishana juu ya sababu yake, na wengine wanatia shaka kama jambo lenyewe hutokea.

Fikiri basi, msomaji: mgonjwa mdogo, mzee wa kijijini, karatasi kuukuu ndani ya sanduku, na kijana aliyechekwa. Hakuna hata mmoja aliyekuwa profesa, na bila wao idara hizo nne zisingalikuwa na la kuchunguza. Huenda hujui bado idara utakayoingia. Lakini swali unaweza kuwa nalo leo. Liandike, lijaribu, ulilinde na kicheko. Na mwenzako akisimama kuuliza lake, uwe wa mwisho kucheka na wa kwanza kupima.