Chumba cha Nguo

Tembe ya Kinyaturu, yenye kuta za miti na udongo na paa bapa, ilitunza nafaka ndani. Nguo zilikuwa chache, kamba moja ikazitosha. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba ifikapo mwisho wa 1976 kila mtu wa shamba awe anaishi kijijini. Bibi yangu aliacha tembe nyuma. Sanduku la bati alilibeba kichwani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 hata kanga ilikuwa adimu madukani. Biashara ilipolegezwa mwaka 1984, mitumba ikamiminika, na kamba ikaelemewa.

Sasa kaka yangu anajenga Singida mjini, na ramani yake ina chumba cha nguo: mita mbili kwa mbili, rafu pande mbili, dirisha dogo juu, mlango wa kuzuia vumbi la kiangazi. Baba anakiita majivuno. Mimi naona jambo jingine: rafu zinajengewa ukutani, hazibebeki. Anayejenga hivyo anaamini hatahamishwa tena. Bibi amekisifu chumba, lakini sanduku lake hataki liingie humo. Analitaka karibu na mlango wa nje.