Picha Iliyosafishwa Mno

Nilipeleka studio picha ya marehemu baba, amesimama mwaloni Katonga. Fundi akaisafisha kwa kompyuta: madoa yakatoka, na mitumbwi, dagaa walioanikwa na ukingo wa ziwa vikatoka pia. Ile ya zamani akaitupa.

Hila hii si ngeni. Februari 1982 jarida la National Geographic lilisogeza piramidi za Giza zienee kwenye jalada. Wakati huo ilihitaji mitambo ya bei kubwa. Mwaka 1990 ikatoka Photoshop, programu ya ndugu wawili Wamarekani, Thomas na John Knoll, ikaiteremsha kazi hiyo hadi meza ya fundi wa kawaida.

Mwaka 2021 maji ya Tanganyika yalipanda. Wajukuu wakiuliza ukingo ulikuwa wapi, nitawaonyesha nini? Mafundi, safisheni nakala. Picha yenyewe itunzeni.