Diski za Akiba: Asili ya RAID na Maana ya Jina Lake

Katika mwaka wa 1956 kampuni ya IBM ilitoa mtambo wa kwanza wa kuhifadhi habari za kompyuta katika diski. Ulikuwa na sahani 50, na uwezo wake ulikuwa herufi milioni 5 tu. Kwa miaka mingi baadaye, aliyetaka nafasi kubwa alinunua diski kubwa ya bei ghali.

Mwaka wa 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walishauri kuwa diski nyingi ndogo za bei nafuu ziunganishwe, zitumike kama moja. Mpango huo waliuita RAID. Hatari yake hawakuificha: ikiwa diski moja hudumu kwa wastani wa saa 30,000, basi katika diski 100 moja itakufa kila saa 300, yaani kabla ya majuma mawili kutimia.

Dawa yao ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza yafanana na hesabu ya kujumlisha: tukiandika 4, 7 na 9, na jumla yake, 20, tukaiweka kando, namba moja ikifutika twaipata kwa kutoa. Ya pili ni diski ya akiba, iliyokwisha kufungwa mtamboni ikingoja. Nyingine ikifa, hiyo huingizwa mahali pake kwa umeme, ikajazwa yaliyopotea. Fundi huja baadaye kuiondoa mbovu.

Akiba haiozi, lakini akiba peke yake si kinga. Hatari i katika muda wa kujaza: diski ya pili ikifa kabla kazi haijaisha, au fundi aking'oa nzima kwa kudhani ndiyo mbovu, hesabu haina jibu tena. Katika hesabu zao wataalamu hao walikadiria saa 1 ya matengenezo. Diski kubwa za leo zaweza kuchukua siku nzima au zaidi. Ndipo ikatumika RAID 6, istahimiliyo vifo viwili.

Jina nalo lina historia. Herufi I hapo kwanza ilisimamia neno lenye maana ya "bei nafuu". Baadaye ikafasiriwa "zinazojitegemea". Ajabu ni kwamba usalama wake watokana na kutegemeana.

Sisi tuwekao humo sauti za malenga na hati za kale yatupasa kukumbuka mambo mawili: mbovu ibadilishwe mara moja, na nakala nyingine iwekwe mahali pengine. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na sauti ya marehemu haijengwi upya.