Jezi iliyochezewa: namna ya kuitambua, kuipata bila kosa na kuichunga

Kasongo na Kabambare, jezi za mpira ziko kila mahali. Mwenye mototaksi anavaa ya Mazembe, mwanafunzi anavaa ya Lupopo, kijana wa machimbo anavaa ya Vita Club. Karibu zote ni kopi za soko ao nguo za friperi, na hakuna ubaya ndani yake. Lakini kuna jezi ya aina ingine: ile ambayo mchezaji mwenyewe aliivaa siku ya mechi, ikashika jasho lake na matope ya kiwanja. Hiyo ndiyo jezi iliyochezewa. Kuna watu wanaoitafuta, kuna familia zinazoichunga bila kujua thamani yake, na kuna wajanja wanaouza uongo. Haya ni maelezo ya kumsaidia mpenzi wa mpira asidanganywe, na asimdhulumu mwingine.

Ni kitu gani hasa

Jezi zinagawanyika katika madaraja manne. Ya kwanza ni kopi, iliyoshonwa bila ruhusa ya ekipe. Ya pili ni jezi halali ya duka, inayotengenezwa kwa ajili ya wasapoteri. Ya tatu ni jezi iliyotayarishwa kwa mchezaji, ikapelekwa kwenye chumba cha kuvalia, lakini haikuingia kiwanjani. Ya nne ni ile iliyochezewa.

Si jezi peke yake. Krampo, ganti za golikipa, brasari ya kapiteni, mpira wa mechi na kile kibendera ambacho makapiteni wanapeana mbele ya mchezo kuanza, vyote vinaingia katika hesabu hiyo.

Desturi imetoka wapi

Mara ya kwanza inayojulikana ya wachezaji wa mataifa mawili kubadilishana jezi ni mwaka wa 1931, Ufaransa ilipoifunga Uingereza na Wafaransa wakaomba jezi za wapinzani wao. Tangu hapo, desturi ikaenea. Jezi ambayo Diego Maradona alivaa mwaka wa 1986 alipoifunga Uingereza bao la mkono ilichungwa na Steve Hodge, mchezaji wa Uingereza aliyebadilishana naye. Mwaka wa 2022 ikauzwa kwa mnada mjini London kwa pauni milioni 7.1.

Marekani wanafanya hivyo zaidi na mchezo wao wa besiboli. Mwezi wa nane 2024, jezi ambayo Babe Ruth alivaa katika fainali za 1932 iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 24. Palipo na makuta mengi hivyo, waongo hawakosi. Miaka ya 1990, polisi ya FBI iligundua magenge ya kughushi saini za wachezaji. Kisha, kuanzia 2001, ligi kuu ya besiboli ikaweka mashahidi viwanjani. Shahidi anaona kifaa kinatoka mchezoni, anakibandika alama yenye namba, na namba hiyo inaandikwa katika kumbukumbu za ligi.

Fundisho ni moja: nguo peke yake haina bei kubwa. Kinachobeba bei ni ushahidi kwamba nguo hii ilikuwa pale, siku ile, mwilini mwa mtu yule.

Kasongo yenyewe iko na mfano wa zamani. Majeshi ya Dhanis yalipoteka mji mwaka wa 1893, ndani ya vitu vilivyopatikana kulikuwa daftari za Emin Pasha, aliyekuwa ameuawa mwaka uliotangulia. Zilitambuliwa kwani zilikuwa na maandishi na tarehe. Vitu vingine vingi vilivyotoka mjini siku zile havikuandikwa popote, na leo hakuna anayeweza kusema vilikuwa vya nani.

Ekipe zinazotafutwa zaidi

Reli inayopita Samba, ndani ya teritwari ya Kasongo, inateremka Kongolo, Kabalo, mpaka Lubumbashi. Njia hiyo ilifunga Maniema ya kusini na Katanga, na mapenzi ya mpira yakafuata. Ndiyo maana Mazembe, yenye nyeusi na nyeupe, na Lupopo, ekipe iliyozaliwa na wafanyakazi wa reli, ziko na wasapoteri wengi.

TP Mazembe ilianzishwa 1939. Ilichukua kombe la mabingwa wa Afrika mara tano: 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Tarehe 18 mwezi wa kumi na mbili 2010, pale Abu Dhabi, ilikuwa ekipe ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya Kombe la Dunia la vilabu, ikafungwa na Inter Milan 3-0. Kila kitu cha mashindano hayo kinatafutwa, zaidi ganti na jezi za golikipa Robert Kidiaba, yule aliyekuwa akishangilia kwa kurukaruka amekaa chini.

Leopards, ekipe ya taifa, ilichukua Kombe la Afrika 1968 Addis Ababa na 1974 Cairo. Mwaka huo wa 1974 ikaenda Kombe la Dunia, Ujerumani Magharibi. Jezi yake ya kijani yenye kichwa cha chui kifuani inajulikana dunia nzima.

AS Maniema Union ya Kindu ndiyo ya nyumbani. Msimu wa 2024-2025 ilifika makundi ya Ligi ya mabingwa wa Afrika, ikakutana na Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini, na Raja na AS FAR za Moroko. Jezi za msimu huo hazijapanda bei sana leo, lakini kwa mtoto wa Maniema ni historia. Na kwa kuwa waliozivaa wangali hai, ushahidi wake ungali rahisi kupata.

Tarehe zinazoumbua uongo

Mbele ya kutoa hata falanga moja, linganisha jezi na historia.

Nchi ilichukua jina la Zaire mwezi wa kumi 1971. Mtu akileta jezi ya "Zaire" na kusema ni ya Addis Ababa 1968, amejifunga mwenyewe.

Wakati wa makombe ya 1967 na 1968, Mazembe ilikuwa inaitwa Englebert, jina la kiwanda cha matairi. Jezi iliyoandikwa "Mazembe" haiwezi kuwa ya fainali zile.

Kombe la Dunia lilianza kuweka majina ya wachezaji mgongoni mwaka wa 1994. Mwaka wa 1974 kulikuwa namba tu. Jezi ya Zaire ya 1974 yenye jina mgongoni ni kopi. Jezi za ukumbusho za aina hiyo zinashonwa mpaka leo huko Ulaya, zinauzwa kwa haki kabisa kama ukumbusho. Uongo unaanza pale mtu wa kati anapoichakaza na kuiita ya kweli.

Nguo nayo inasema. Jezi za miaka ya 1960 zilikuwa kwa kawaida za pamba. Kitambaa chepesi cha poliesta kinachong'aa kilienea zaidi miaka ya 1980.

Kuangalia nguo yenyewe

Jezi iliyochezewa inachoka mahali pa kuchoka. Tafuta nyuzi zilizovutwa kwenye mabega na ubavuni, pale beki anaposhika. Tafuta alama za majani kwenye kiwiko, na namba iliyopasuka kidogo kidogo. Jezi iliyopakwa udongo sawasawa kila upande ilipakwa na mtu. Na tundu lenye kingo zilizonyooka ni la makasi.

Angalia beji ya mashindano kwenye mkono. Angalia kipimo pia: golikipa mrefu havai kipimo cha mtoto.

Njia yenye nguvu zaidi ni picha. Chukua picha ya mechi yenye mwangaza mzuri, uilinganishe na nguo. Jezi za mistari, kama zile za Mazembe, zinasaidia sana, kwani fundi hakati kitambaa mahali pamoja kila mara. Mstari mweusi unakutana na beji kwa namna moja katika jezi hii, na kwa namna ingine katika jezi ile. Mstari, beji na mshono vikilingana na picha, ushahidi umekuwa mkubwa. Visipolingana, hata mwuzaji akiapa, acha.

Saini si ushahidi wa kuvaliwa. Mchezaji anaweza kusaini jezi ya duka. Inaonyesha tu kwamba kalamu yake ilipita pale.

Jezi ni ya nani?

Hapa ndipo penye uzito. Katika ekipe nyingi za mitaa, Kasongo na Kabambare, jezi si mali ya mchezaji. Ekipe iko na seti moja, iliyotolewa na mfadhili ao kununuliwa kwa michango. Mchezo ukiisha zinafuliwa, zinahesabiwa, zinasubiri mechi ya kesho. Mtu akimpa kijana falanga kidogo na kuondoka na namba 9, ekipe nzima inabaki na shida: mwamuzi anahitaji namba, na seti haitengenezwi upya kwa jezi moja. Mwenye kupenda mpira anaongea na komite. Analipa mbele ya watu na kupewa karatasi yenye muhuri ao saini mbili. Namna nzuri zaidi ni kubadilishana: yeye analeta seti mpya, ekipe inamwachia ile ya zamani.

Kwa familia za wachezaji wa zamani, heshima inahitajika zaidi. Ndaye Mulamba alifunga mabao 9 Misri mwaka wa 1974, na mpaka leo hakuna aliyefunga mengi hivyo katika Kombe la Afrika moja. Mwaka wa 1994 aliheshimiwa Tunisia. Aliporudi nyumbani, wanaume wenye silaha walimshambulia na kumpiga risasi mguuni, wakidhani sasa iko na makuta. Akakimbilia Afrika Kusini, akaishi maisha magumu, akafariki Johannesburg 2019. Dunia inaweza kuweka bei kubwa kwa kitambaa, huku aliyekivaa akikosa dawa.

Kwa hiyo mjane ao mtoto akitoa jezi juu ya njaa ao ada ya shule, mnunuzi anayejua thamani yake anapaswa kuisema mbele ya kununua. Kunyamaza ni wizi wa kimya. Kama hana makuta ya kutosha, anaweza kupiga picha, kuandika historia na kuiacha jezi nyumbani kwake. Naye mwenye kupata kitu kama hicho hapaswi kutangaza bei yake barabarani. Mulamba alijua madhara ya sifa hizo.

Bei

Hakuna orodha ya bei. Vinavyopandisha ni mechi yenyewe, jina la mchezaji, picha inayolingana na karatasi ya ekipe. Vinavyoshusha ni kufuliwa kwa dawa ya kung'arisha, kushonwa upya na hadithi isiyo na shahidi. Kwa mtu wa kawaida, jezi ya namna hii si benki. Hakuna uhakika wa kumpata mnunuzi siku mtoto anapougua. Anayenunua, anunue kwa makuta ambayo nyumba haitayalilia.

Kuchunga katika joto na mvua

Maadui hapa ni unyevu, mchwa, mende na jua.

Kama jezi iko na matope ya mechi na imekauka vizuri, usiifue. Matope ni sehemu ya ushahidi. Kama inanuka ao imeanza kuota ukungu, ioshe kwa mkono, maji ya baridi na sabuni kidogo, bila dawa ya kung'arisha. Uianike kivulini. Pasi isiguse namba wala beji.

Usiikunje mahali pa namba, kwani itapasuka. Izungushe ndani ya kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa. Mfuko wa plastiki uliofungwa unafungia unyevu ndani, na ukungu unafuata. Sanduku la bati ni bora kuliko la mbao juu ya mchwa. Liweke juu ya matofali, mbali na ukuta. Wakati wa kiangazi, toa jezi ipate hewa. Naftalini inaweza kuwekwa kwenye sanduku, lakini isiguse nguo.

Kuitundika ukutani kunapendeza, ila jua la dirishani linakula rangi. Tundika picha yake, nguo ibaki sandukuni.

Daftari ni nusu ya mali

Kila kitu kiandikwe: mechi gani, tarehe, kiwanja, nani alivaa, nani alikupa, siku gani, mbele ya nani. Mzee aliyecheza akiwa hai, mrekodi kwa telefone akieleza mwenyewe huku ameshika jezi. Kisha tuma picha na sauti hizo kwa ndugu wa Kindu, Lubumbashi ao Bukavu.

Watu wa Kabambare na Kasongo wanajua maana ya kukimbia usiku na kurudi kukuta nyumba tupu. Katika vita za 1996 na 1998, jezi, picha na vikombe vya ekipe nyingi vilipotea namna hiyo. Nguo inaweza kupotea tena. Lakini jina la aliyeivaa, tarehe na sauti yake vikiwa mahali pawili, watoto watajua ekipe ya mtaa wao ilikuwa na nani, na ilimfunga nani.