Kalamu ya Mkimbizi

Askari wakaguapo wasafiri wanaokwenda Nakivale kupitia Mbarara, kwenye makazi yaliyopokea wakimbizi kwa zaidi ya miaka 60, huona magunia na watoto. Elimu ya mkimbizi haionekani kizuizini.

Mwaka 1890 mshairi Mrusi Felix Volkhovsky, aliyetoroka Siberia alikohamishiwa kwa nguvu, aliwasili London. Ndiye aliyemwanzisha Constance Garnett, mama wa Kiingereza, katika lugha ya Kirusi. Mama huyo baadaye alitafsiri vitabu vipatavyo 70 vya akina Tolstoy, Dostoyevsky na Chekhov, na kwa kalamu yake Waingereza wengi wakawajua Warusi ambao serikali yao iliwahesabu kuwa mahasimu.

Hata hivyo, si wakimbizi wote waliokuwa na mikono safi. Sergei Stepniak, aliyemhimiza Garnett katika kazi hiyo, alikuwa amemwua kwa kisu mkuu wa polisi wa siri wa Urusi mwaka 1878. Tena mwaka 1898 mahakama ya London ilimfunga Vladimir Burtsev miezi 18 kwa kuchochea mauaji ya mfalme wa Urusi. Volkhovsky alibaki London, na Garnett akaendelea kumtafsiri Turgenev.