Takwimu za umaskini na makao ya wanafunzi Migori na Homa Bay

Kaunti za Migori na Homa Bay, kusini mwa Nyanza, kila moja ina chuo kikuu chake cha umma. Chuo Kikuu cha Rongo kilianza mwaka 2011 kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha Moi, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2016. Chuo Kikuu cha Tom Mboya, mjini Homa Bay, kilianza mwaka huo wa 2016 chini ya Chuo Kikuu cha Maseno, nacho kikajitegemea mwaka 2022. Wanafunzi wasiopata nafasi katika mabweni ya vyuo hulazimika kukodi vyumba kwa wenye ploti. Hata hivyo, takwimu zinazotumiwa kupima umaskini na mahitaji ya nyumba katika kaunti hizo hazimwonyeshi vyema mpangaji huyo.

Kwa mujibu wa utafiti wa bajeti za kaya wa mwaka 2015/16, uliofanywa na Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS), asilimia 36.1 ya Wakenya walikuwa maskini. Homa Bay ilikuwa na asilimia 33.5, ilhali Migori ilikuwa na asilimia 41.2. Utafiti huo ulilenga kaya 24,000 kote nchini.

Kaya, kwa lugha ya watakwimu, ni watu wanaoishi pamoja, wanaokula chungu kimoja na kumtambua kiongozi mmoja wa nyumba. Mabweni hayahesabiwi kuwa kaya, hivyo hayamo katika utafiti wa aina hiyo. Mwanafunzi aliyekodi chumba peke yake anaweza kuingia kama kaya ya mtu mmoja, lakini wa aina yake wanaofikiwa ni wachache mno kuweza kueleza hali ya wanafunzi wote wa kaunti.

Sensa nayo ina mipaka yake. Ile ya Agosti 2019 ilipata watu 1,116,436 Migori, kutoka 917,170 mwaka 2009. Homa Bay iliongezeka kutoka 963,794 hadi 1,131,950. Lakini sensa ya Kenya humhesabu mtu mahali alipolala usiku uliotajwa. Mwanafunzi aliyekuwa kwao usiku huo alihesabiwa kwao, hata kama muhula mzima huishi Rongo au Homa Bay.

Athari ya pengo hilo huonekana katika mstari wa umaskini wenyewe. Mwaka 2015/16, mstari huo uliwekwa kuwa Sh3,252 kwa mtu mzima kwa mwezi mashambani, na Sh5,995 mijini. Tofauti ni Sh2,743, sawa na asilimia 84 zaidi. Maana yake ni kwamba kijana kutoka familia ya mashambani iliyo juu kidogo ya mstari huo, akiishi mjini kwa fedha zile zile, huwa chini ya mstari wa mjini. Mzazi anayetegemea miwa ya Awendo au samaki wa Ziwa Victoria haitwi maskini katika takwimu, ilhali mwanawe chuoni hana kodi ya nyumba.

Mzigo huo umekuwa mzito zaidi tangu mwaka 1991, serikali ilipoanzisha mfumo wa kugawana gharama katika vyuo vikuu vya umma. Mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995, husaidia, lakini uwezo wa mwombaji hupimwa zaidi kwa hali ya nyumbani kwao.

Aidha, tafiti zinazofanywa vyuoni zina kasoro ya aina yake. Anayegawa fomu za maswali darasani huwapata waliopo tu. Aliyeahirisha masomo kwa kukosa kodi hayupo kujibu, na kwa sababu hiyo tatizo huonekana dogo kuliko lilivyo.

Suala hili lina pande mbili za kiutawala pia. Chini ya Katiba ya 2010, vyuo vikuu ni jukumu la serikali ya kitaifa, ilhali mipango ya maendeleo na nyumba katika kaunti ni jukumu la serikali za kaunti. Mwanafunzi anayelala nje ya chuo yumo katikati ya mamlaka hizo mbili.

Takwimu zinazofaa hazihitaji gharama ya sensa. Vyuo vina orodha za wanafunzi na idadi ya vitanda vyao. Hesabu ifanywe muhula unapoendelea, ijumuishe kodi, maji, umbali wa kutembea usiku na walioacha masomo, kisha kaunti ipewe matokeo. Bila hesabu hiyo, nyumba zitapangwa kwa kufuata idadi ya watu ambayo haiwajumuishi wanafunzi hao.