Migreni: chanzo kikikosewa, dawa pia inakosewa

Inchini Kongo, mtu akiumwa kichwa, ugonjwa wa kwanza unaotajwa ni malaria. Anameza vidonge bila kupimwa. Kichwa kinatulia, kisha kinarudi wiki zinazofuata, naye anarudi farmasi kununua dawa ile ile. Kumbe pengine anaugua migreni, ambayo wengine huiita kipandauso: kichwa kinagonga, mara nyingi upande mmoja, tumbo linachafuka, mwangaza na makelele vinamchokoza. Bila dawa, hali hiyo inaweza kudumu saa 4 hadi siku 3.

Kosa hilo ni la zamani sana. Katika karne ya 2, muganga Galen, Mgiriki aliyefanya kazi Roma, aliuita ugonjwa huo hemikrania, maana yake nusu ya kichwa. Ndiko Wafaransa walikotoa neno migraine. Galen aliamini kwamba mvuke mbaya hupanda mwilini hadi kichwani. Waganga waliofuata walitibu kulingana na mawazo ya namna hiyo: kwa karne nyingi wagonjwa wa Ulaya walitolewa damu. Kule Cordoba, yapata mwaka wa 1000, Al-Zahrawi alishauri kuchoma kichwa kwa chuma cha moto, ao kupasua ngozi karibu na sikio na kuingiza kitunguu saumu. Wanaochanjwa kwa wembe pembeni ya paji la uso hadi leo wanapitia njia isiyo mbali na hiyo.

Mwaka wa 1918, huko Basel, Uswisi, Arthur Stoll alitoa ergotamini katika kuvu inayoota juu ya nafaka. Dawa hiyo hukaza mishipa ya damu, na mwaka wa 1938 Harold Wolff na John Graham, huko Marekani, walionyesha kwamba mapigo ya mishipa ya kichwa yanapopungua, maumivu pia yanapungua. Watu wakadhani chanzo ni mishipa tu. Baadaye ilijulikana kwamba ni ugonjwa wa ubongo na neva zake, na mara nyingi unafuata ukoo. Si uvivu, si uchawi. Sumatriptani, iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1991, iliingizwa na Shirika la Afya Duniani katika orodha ya dawa za lazima mwaka wa 2021.

Hata hivyo, wengi husaidiwa na dawa za kawaida: parasetamoli, ibuprofeni ao aspirini, zikimezwa mapema, maumivu yanapoanza, kisha mgonjwa apumzike penye giza na kimya. Mwenye vidonda vya tumbo na mama mwenye mimba waulize muganga kwanza. Kulala na kula kwa saa zile zile husaidia, na kuandika tarehe za maumivu katika daftari humwezesha muganga kutambua ugonjwa. Anayemeza dawa hizo siku 15 ao zaidi kwa mwezi anaweza kuumwa kichwa kwa sababu ya dawa zenyewe. Akifikia hapo, kuna dawa za kuzuia, kama propranololi, ambazo muganga ndiye huziandika.

Homa ikiwepo, kipimo cha malaria kitangulie vidonge. Na kichwa kinacholipuka ghafla kuliko siku zote, shingo kukakamaa, ao mkono na mguu wa upande mmoja kulegea, ni mambo ya kukimbizwa hospitali siku hiyo hiyo.